Kutoka Majani ya Ng'ombe Hadi Dawa ya Moyo: Historia ya Warfarini, na Namna ya Kumuokoa Aliyezidisha



Wiki mbili zilizopita nilikuwa dukani kwa kijana mmoja hapa Kengeja, nikimuonesha namna ya kupanga magunia ya mchele juu ya mbao ili panya wasipate pa kujificha. Tulipomaliza akanivuta pembeni. "Bwana shamba, nikuulize jambo, lakini si la shamba."

Bi mkubwa wake alipasuliwa moyo Dar es Salaam akawekewa vali ya bandia. Tangu hapo anameza kidonge kila jioni. Jirani mmoja akasoma kwenye simu kwamba kidonge kile ni sumu ya panya. Bi mkubwa kusikia hivyo akaapa hakigusi tena. Siku tuliyozungumza ilikuwa ya tatu.

Nilimwambia ampeleke mama hospitali siku ile ile, mazungumzo yatafuata. Alimpeleka, akapimwa, akarudishiwa dawa yake. Lakini swali lake sikuweza kulipuuza, kwa sababu jirani hakusema uongo. Kidonge kile kinaitwa warfarini, na kwenye boksi utasoma Warfarin. Kweli kiliuzwa kama sumu ya panya kabla ya kuwa dawa ya watu. Ila ukweli nusu unaweza kuua kuliko uongo mzima. Leo nataka nikupe nusu iliyobaki.

Mimi si daktari. Nimesomea kilimo na mifugo, na hadithi hii ilianzia hukohuko kwetu, bandani kwa ng'ombe. Ukiijua ilivyoanza, utaelewa mwenyewe cha kufanya siku mtu wa nyumbani amezidisha kidonge, au siku umemkuta mtoto na punje za sumu mkononi.

NG'OMBE WALIOTOKA DAMU ISIKATIKE

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini ya Marekani walipata msiba ambao hawakuuelewa. Ng'ombe mzima, mwenye afya, akikatwa pembe anatoka damu mpaka anakufa. Dume akihasiwa, vivyo hivyo. Katika tukio moja lililoandikwa, ng'ombe 21 kati ya 22 walikufa baada ya kukatwa pembe. Wengine walikufa bila hata kuguswa na kisu. Damu ilivujia ndani ya mwili.

Wengi walidhani ni maradhi ya kuambukiza. Daktari wa mifugo mmoja huko Ontario, Kanada, Frank Schofield, akatazama chakula badala ya kutazama vijidudu. Ng'ombe wale walikuwa wakilishwa majani makavu ya mmea mmoja wa jamii ya kunde, wenye harufu nzuri, ulioletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya malisho. Miaka ile mvua zilikuwa nyingi, majani hayakukauka vizuri, yakaota ukungu. Enzi za neema mfugaji angeyatupa. Lakini hali ya maisha ilikuwa ngumu, akayalisha.

Schofield alifanya jaribio ambalo hata mwanafunzi wa skuli anaweza kulielewa. Katika lundo moja la majani alichambua mabua mazima akampa sungura mmoja, na mabua yaliyoharibika akampa sungura mwengine. Wa kwanza akabaki mzima. Wa pili akafa kwa kutoka damu. Alirudia kwa majani mengine, jibu likawa lile lile. Basi mmea wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la ukungu.

Ushauri wake ulikuwa wa aina mbili: acha kulisha majani yaliyooza, na mnyama aliyekwishaanza kutoka damu aongezewe damu ya mnyama mzima. Kumbuka mambo hayo mawili, maana mpaka leo matibabu ya binadamu yanaanzia hapo hapo: kata chanzo, kisha rudisha kilichopungua.

MKULIMA ALIYEBEBA DAMU KWENYE KOPO LA MAZIWA

Ushauri ni kitu kimoja, na mkulima asiye na chakula kingine cha ng'ombe ni kitu kingine. Februari 1933, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin, Ed Carlson, aliona mifugo yake inakufa. Siku ya Jumamosi, katikati ya dhoruba ya theluji, akapakia kwenye gari mtamba aliyekufa, mzigo wa majani yaliyoharibika na kopo la maziwa lililojaa damu ambayo haikuganda. Akaendesha kiasi cha kilomita 300 mpaka mji wa Madison kutafuta msaada wa serikali.

Ofisi aliyoikusudia ilikuwa imefungwa. Akabisha mlango uliokuwa wazi, akamkuta mtaalamu wa kemia wa chuo kikuu, Karl Paul Link. Link alimwambia yale yale ya Schofield: usiwalishe tena majani haya, na jaribu kuwaongezea damu. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha kumpa. Carlson akarudi nyumbani kwenye theluji ile ile.

Ndugu msomaji, kazi yangu ni ya ugani, na nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Mara ngapi mkulima amekuja na mmea uliokauka mkononi nami sina jibu? Lakini damu ile iliyobaki mezani haikumwacha Link alale. Yeye na wanafunzi wake walitafuta kwa miaka 6. Mwaka 1939 mwanafunzi wake Harold Campbell alifanikiwa kutoa kwenye majani yale chembechembe safi za kitu kilichokuwa kinazuia damu kuganda. Wakakiita dikumaroli. Kumbe ile harufu nzuri ya majani inatokana na kitu kisicho na madhara hayo, ila ukungu ukikishika hukigeuza kuwa sumu.

KUKU WA DENMARK NA VITAMINI K

Wakati Marekani wanatafuta sumu, ng'ambo ya bahari, huko Denmark, mtu mwengine alikuwa anaikaribia dawa yake bila ya kujua.

Mtaalamu Henrik Dam wa Copenhagen alikuwa akilisha vifaranga chakula kilichotolewa mafuta yote. Kufikia mwaka 1929 aliona vifaranga vinavuja damu chini ya ngozi na kwenye misuli. Akajaribu kurudisha vitamini zilizokuwa zikijulikana, havikupona. Lakini vikipewa majani mabichi vinapona. Mwaka 1935 akatangaza kwamba ipo vitamini mpya, akaipa herufi K, herufi ya kwanza ya neno la kwao lenye maana ya kuganda. Mmarekani Edward Doisy akaitambua ilivyoumbika, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 wakapewa wote wawili.

Sasa unganisha. Ini letu hutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na kwa baadhi ya vitu hivyo ini haliwezi kufanya kazi bila vitamini K. Ni kama fundi na misumari: mbao zipo, fundi yupo, lakini bila misumari nyumba haisimami. Vitamini hiyo ikishatumika, mwili huitengeneza upya ili itumike tena. Sumu ya majani yaliyooza, na warfarini iliyokuja baadaye, huzuia kule kutengenezwa upya. Kwa hiyo ukimpa mtu vitamini K nyingi ya kutosha, ini linapata misumari mipya na kazi inaanza tena. Hiyo ndiyo kinga ya sumu hii, na ni bahati kubwa, maana sumu nyingi duniani hazina kinga iliyo wazi namna hiyo.

KUTOKA PANYA HADI MTU

Madaktari wakaanza kuitumia dikumaroli kwa wagonjwa wenye damu inayoganda ndani ya mishipa. Link naye, akiwa kitandani mwaka 1945 kwa maradhi ya kifua, akawa anasoma habari za panya, akawaza: kwa nini nisitengeneze yenye nguvu zaidi kwa ajili ya panya? Miongoni mwa aina nyingi walizotengeneza, ya 42 ndiyo iliyofaa. Ikaingia sokoni mwaka 1948 kwa jina la warfarini, lililotokana na herufi za kwanza za taasisi ya Wisconsin iliyogharamia utafiti.

Kwa nini iliwafaa panya? Kwa sababu panya ni mwerevu. Mwenzake akila kitu akafa papo hapo, wengine hawakigusi. Warfarini haimuui siku ile. Anakula leo, kesho anarudi kula, na baada ya siku kadhaa anakufa kimya shimoni. Wenzake hawajui kilichomuua. Shika neno hilo, kimya, nitalirudia.

Mwaka 1951 kijana mmoja wa jeshi la Marekani alikula sumu hiyo kwa siku kadhaa kwa nia ya kujitoa roho. Alifikishwa hospitali akitoka damu. Wakamuongezea damu, wakampa vitamini K, akapona kabisa. Madaktari wakaona jambo lililo kubwa: kumbe dawa hii ina nguvu, na aliyezidisha anaweza kurudishwa. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa matumizi ya watu. Mwaka uliofuata, Rais Eisenhower wa Marekani alipopata mshtuko wa moyo, warfarini ilikuwa miongoni mwa dawa alizopewa. Tokea hapo hakuna aliyeiona haya.

(Na nikiwa hapa niseme: kama wewe au mtu wako anafikiria kujidhuru, usikae na jambo hilo peke yako. Mwambie ndugu, imamu, au mhudumu wa afya leo hii. Yule kijana alipona.)

Kwa hiyo, mwambie bi mkubwa hivi: ni kweli, kitu ni kile kile. Tofauti ni kipimo. Panya analishwa mpaka damu ishindwe kuganda kabisa. Mgonjwa anapewa kidogo, ili damu isigande upesi juu ya vali ya bandia. Bonge la damu likiganda pale likatoka, likapanda kwenye ubongo, mtu anapooza au anakufa. Kwetu Afrika Mashariki wengi wenye vali hizi ni watu ambao vali zao ziliharibika tangu utotoni kwa homa iliyofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Kuacha dawa kwa hofu ni hatari kama kuizidisha.

SIKU MBILI ZA KIMYA

Hapa ndipo penye roho ya makala hii. Mtu akizidisha warfarini, au mtoto akila sumu ya panya ya aina hii, saa ile haoni kitu. Haumwi, hatapiki, anacheza. Sababu ni kwamba vile vitu vya kugandisha damu vilivyokwishatengenezwa bado vimo mwilini. Vinapungua polepole. Siku ya pili au ya tatu ndipo vinapokwisha, na damu inaanza kutafuta njia.

Basi mama anasema, "Alikula jana na leo mzima, Alhamdulillahi," na hampeleki popote. Siku zile mbili za kimya, zinazomdanganya panya, zinamdanganya na mzazi. Lakini ndizo siku ambazo vitamini K ingefanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Usingoje damu itoke.

Kwa upande mwengine, vitamini K nayo haifanyi kazi papo hapo. Ini linahitaji saa kadhaa kuanza kutengeneza vitu vipya, na mara nyingi inafika siku nzima kabla ya kazi kukamilika. Ndiyo maana mtu ambaye tayari anatoka damu nyingi hapewi vitamini K peke yake. Huongezewa plazma, yaani yale maji ya damu yenye vitu vya kugandisha, au dawa maalumu iliyokusanywa kutoka kwenye damu, ili apate msaada mara moja huku ini likijipanga. Ni ushauri ule ule wa Schofield kwa ng'ombe, miaka 100 baadaye.

PANYA WALIZOEA, SUMU IKAONGEZWA NGUVU

Kuna sura moja zaidi inayotuhusu sana sisi wenye mabonde ya mpunga. Mwaka 1958 huko Scotland walipatikana panya ambao warfarini haiwaui. Wale wachache waliozaliwa na ukinzani walibaki, wakazaa, wakaenea. Ni jambo lile lile tunaloliona kwa wadudu tukirudia dawa moja kila msimu. Viwanda vikajibu miaka ya 1970 kwa kutengeneza sumu za kizazi cha pili. Kwenye pakiti utakuta majina kama brodifacoum au bromadiolone.

Sumu hizi hufanya kazi kwa njia ile ile, lakini ni kali zaidi na hukaa kwenye ini kwa wiki nyingi, hata miezi. Warfarini ya kidonge hutoka mwilini kwa siku chache. Kwa hiyo aliyepata sumu ya kizazi cha pili hatibiwi kwa sindano moja akarudi nyumbani. Mwaka 2018 huko Illinois, Marekani, zaidi ya watu 150 walianza kutoka damu baada ya kuvuta bangi ya bandia iliyochanganywa na brodifacoum. Wengine walikufa. Waliopona walilazimika kumeza vitamini K kila siku kwa wiki nyingi, na aliyeikatisha mapema alikuwa katika hatari ya kuanza kutoka damu upya.

Ukipewa vidonge vya vitamini K na kuambiwa urudi kupimwa, basi rudi, hata kama unajihisi mzima.

UFANYE NINI: MGONJWA ALIYEZIDISHA KIDONGE

Mara nyingi kuzidisha hakutokani na ujinga. Mzee amesahau kama amemeza, akameza tena. Au safari hii amepewa vidonge vya miligramu 5 badala ya vile vya miligramu 1 alivyozoea, akaendelea kuhesabu idadi ile ile. Au amenunua dawa nyengine dukani.

1. Simamisha dozi inayofuata mpaka umezungumza na mhudumu wa afya. Zungumza naye siku hiyo hiyo. Usisimamishe kwa wiki nzima kwa uamuzi wako.

2. Mpeleke akapimwe damu. Kipimo kinaitwa INR, na Shirika la Afya Duniani lilikianzisha mwaka 1983 ili hospitali zote zisome namba moja. Kwa mtu asiyetumia dawa hii namba huwa karibu na 1. Wagonjwa wengi wanaoitumia hulengwa kati ya 2 na 3, na baadhi ya wenye vali za bandia juu kidogo ya hapo. Ukiambiwa kipimo hakipo hapo ulipo, uliza kinapatikana wapi, kama ni hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani au pengine.

3. Daktari ndiye anayeamua. Namba ikiwa imepanda kidogo na damu haitoki, mara nyingi dozi husimamishwa tu na kipimo hurudiwa. Ikiwa imepanda sana, hupewa vitamini K. Kwa mwenye vali ya bandia, vitamini K ikizidi nayo ni hatari, kwa sababu damu inaweza kuganda kwenye vali. Kwa hiyo usiitafute ukampa mwenyewe.

4. Kimbia bila kungoja kipimo ukiona: damu ya pua au fizi isiyokatika, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, kutapika damu, hedhi nyingi kupita kawaida, mabaka ya damu mwilini bila kugongwa, maumivu makali ya kichwa ya ghafla. Na aliyeanguka akagonga kichwa apelekwe hata kama anasema hajambo.

5. Dozi ukiisahau, imeze siku hiyo hiyo ukikumbuka. Ukikumbuka kesho yake, iache, endelea na ya siku hiyo. Usimeze mbili kufidia. Weka alama kwenye kalenda kila ukimeza.

6. Mwambie kila anayekupa dawa kwamba unatumia warfarini. Aspirini na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu. Flajili na septrini hupandisha nguvu ya warfarini. Sindano za kwenye msuli nazo huleta uvimbe wa damu. Kabla ya dawa za miti shamba, uliza kwanza.

7. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya kunde yana vitamini K nyingi. Havikatazwi. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Usile mboga kila siku mwezi huu, kisha uziache kabisa mwezi ujao, maana dozi yako ilipangwa kwa chakula ulichozoea.

Siku hizi zipo dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroxaban na apixaban. Hizo hazifanyi kazi kwa njia ya vitamini K, kwa hiyo vitamini K haiziondoi. Ndiyo sababu unapokwenda hospitali uende na boksi lenyewe.

UFANYE NINI: MTOTO ALIYEKULA SUMU YA PANYA

1. Mtoe kilichobaki mdomoni, mnawishe. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala mkaa wa jikoni. Mkaa wa hospitali ni kitu tofauti.

2. Chukua pakiti, au punje zilizobaki kwenye karatasi, uende nazo. Si sumu zote za panya ni za damu. Ipo ya unga wa kijivu au mweusi unaonuka kama kitunguu thomu, ambayo hutoa gesi tumboni. Na zipo za magendo zisizo na maandishi, zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Hizo zinaua kwa saa, si kwa siku, na vitamini K haizisaidii kitu. Mtoto akitoka povu, akitetemeka, akilegea au akipumua kwa shida, hiyo si hali ya kusubiri gari la abiria.

3. Ikiwa ni sumu ya damu, usikate tamaa. Mtoto aliyelamba punje chache mara moja, mara nyingi hadhuriki. Lakini hujui amekula ngapi wala ni aina gani, kwa hiyo apelekwe. Anaweza kurudishwa nyumbani na kutakiwa arudi baada ya siku mbili kupimwa damu. Sasa unajua kwa nini ni siku mbili. Mrudishe.

NA MIFUGO

Paka au mbwa akila sumu, au akila panya waliokufa kwa sumu, dalili ni zile zile: kudhoofika, ufizi kuwa mweupe, kupumua kwa shida, damu. Mwite daktari wa mifugo. Tahadhari moja: ile vitamini K iliyomo kwenye mchanganyiko wa vitamini wa kuku ni ya aina ya K3. Inafaa kwenye chakula cha kuku, lakini haiondoi sumu hii, si kwa mnyama wala kwa mtu. Kinachotakiwa ni K1, na anayeijua dozi yake ni mtaalamu.

Panya waliokufa wazike. Usiwatupe jaani ambako kuku na paka watawafikia.

KWA WENYE MADUKA

Ndugu zangu, mlango wa sumu ni wenu. Usiuze sumu isiyo na maandishi, hata kama mchuuzi amekupa kwa bei ndogo. Usifungue pakiti ukapima kwa kijiko kwenye vikaratasi, maana unapoondoa pakiti umeondoa na jina la sumu, na daktari atakuwa anatibu gizani. Usiiweke rafu moja na unga, sukari au pipi. Rangi ya waridi au kijani waliyoipaka kiwandani ni ya onyo, lakini kwa mtoto ni rangi ya peremende. Na unayeitega nyumbani, iweke ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, si juu ya kifuu pembeni ya ukuta.

Kwanza kabisa, punguza haja ya sumu: magunia juu ya mbao na mbali na ukuta, vichaka kuzunguka banda vifyekwe, mabaki ya chakula yasilale nje, mitego itumike na paka atunzwe.

NIMALIZIE

Jumapili nilipita tena pale dukani. Bi mkubwa alikuwa amekaa barazani anachambua kisamvu. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaniitikia, kisha akaniuliza kwa ukali, "Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu nile sumu?" Nikamhadithia habari ya ng'ombe, ya yule mkulima na kopo lake la damu, na ya kuku waliopona kwa majani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Na huyo mwenye ng'ombe, wake walipona?"

Nilimwambia sijui. Ninachojua ni kwamba alirudi nyumbani bila dawa, na dawa ikapatikana kwa sababu alikwenda. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kalenda ya ukutani yenye alama za kalamu. Siku tatu hazina alama. Zilizobaki zote zinayo.

Wasaidie na wengine kuelewa. Msomee asiyejua kusoma.

Bwana shamba wenu, Kengeja.